Fundi kapanga pevingi juu ya udongo mtupu, halafu ananiambia "itajikaza yenyewe"

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Nilimlipa fundi atandike pevingi uani kwa mama, hapa Sahare, Tanga, apate pa kupunga upepo jioni na wageni wake. Siku ya kukabidhi palipendeza. Masika yalipokolea, katikati pakatitia, pembeni vitofali vikaachana, na maji yote sasa yanakimbilia mlango wa jiko. Mama anatembelea mkongojo, ncha inanasa kwenye mianya. Akianguka mtu mzima yule nitamwambia nini?

Nikafumua vichache. Chini hakuna kitu! Udongo wa bustani na mizizi yake ya nyasi, kautupia mchanga wa pwani wenye vipande vya kombe, basi. Na kwenye karatasi ya hesabu kaandika kifusi, kokoto na kukodi mashine ya kushindilia. Vyote nimelipa.

Mafundi mliomo humu mnajua. Pa kutembea watu tu, kitofali cha sentimita 6 kinatosha. Pa kupita gari ndipo unaweka cha 8. Kazi yenyewe iko chini. Unaondoa udongo wote wa juu, unamwaga kifusi, unanyunyiza maji na kushindilia tabaka kwa tabaka mpaka upate kama sentimita 10 zilizokaza, ndipo unatandaza mchanga msafi, sentimita 3 hivi. Mteremko ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na uelekee NJE, siyo jikoni kwa watu! Pembeni unafunga kwa zege, la sivyo vitofali vinasukumana mpaka mstari wa mwisho unahama. Mwisho unafagilia mchanga mkavu kwenye maungio na kushindilia tena. Huyu hakufanya hata kimoja. Na ule mchanga wa pwani, chumvi yake imeshapanda juu, ua mzima una mabaka meupe.

Nimempigia. "Dada, ardhi itajikaza yenyewe, nyie kanyageni tu." Itajikaza vipi juu ya mizizi inayooza? Nikamwambia aje afumue aanze upya. Akataka hela ya kifusi. Kifusi kilekile nilichokwisha kulipia!

Vitofali ni vizima, vinarudishika. Ninachodai ni msingi niliolipia. Karatasi yake yenye sahihi ninayo na kesho naipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi yeyote wa Tanga aliye tayari kuja kuikagua kazi hii na kuandika alichokiona, anifuate faragha. Nauli na muda wake nitalipa.