Kubadilisha nyuzi za gitaa bila vifaa: kwa fundi, kwa mkono, au kuchemsha za zamani?

MwanaGungu (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Nina gitaa lisilo la umeme, napiga nalo kwaya ya vijana hapa Gungu. Nyuzi zina zaidi ya mwaka, zimeota kutu, na juzi mazoezini uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, umekatika karibu na kichwa. Nimeletewa pakiti mpya kutoka Dar, unene 012 mpaka 053 (elfu za inchi, mwembamba mpaka mnene). Kizungushio cha kukazia nyuzi sina, kikatio sina, na ibada ni Jumapili. Naona njia tatu: nimpelekee fundi redio kule Mwanga, nibadilishe mwenyewe kwa vitu vya nyumbani, au nifunge huo mmoja tu, zile tano nizichemshe, pakiti ikae akiba. Waliowahi naomba mnishauri. Ninachoogopa ni zile pini sita za darajani, zinazobana mwisho wa nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Nimezivuta kwa vidole, hazitikisiki.

SoloTabora
Mkuu, kwa fundi redio mimi nasema hapana. La kwangu fundi mmoja alizing'oa pini kwa plaizi tupu, mbili zikakatika vichwa na mbao ya daraja ikachanika. Nikakaa miezi napiga na pini za mti nilizochonga kwa kisu.

Pini haivutwi, inasukumwa kutoka ndani. Legeza nyuzi kwanza mpaka zilale kabisa. Ingiza mkono kwenye tundu la gitaa, papasa chini ya daraja utaikuta ncha ya pini, isukume juu kwa sarafu au kwa mpini wa kijiko. Ikigoma kabisa ndipo uchukue plaizi, uiviringishie kitambaa, uvute wima bila kuyumbisha. Na usikate uzi ukiwa umekazwa hata siku moja. Ukifyatuka unatafuta jicho.

DadaKinanda (Ujiji)
Hapo kwenye kusukuma naungana na SoloTabora. Ila kazi kubwa naiona kwenye kurudisha, na wengi hukosea hapo. Kile kipete kidogo mwisho wa uzi hakitakiwi kukaa kwenye ncha ya pini. Kinatakiwa kibane kwenye mbao ya ndani, chini ya daraja. Kwa hiyo kunja uzi kidogo karibu na kipete, uingize tunduni, weka pini mfereji wake ukiangalia upande wa shingo, halafu kandamiza pini kwa dole gumba huku mkono mwingine unauvuta uzi juu. Utausikia umekaa. Ukiruka hatua hii, pini itaruka wakati unakaza na utadhani tundu limepanuka.

Kizungushio si lazima, vidole vinatosha, utachoka tu. Acha ulegevu wa kama sentimita tano kabla ya kuanza kuzungusha, upate mizunguko miwili au mitatu kwa nyuzi nene na mmoja zaidi kwa nyembamba. Kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia.

Mzee wa Isevya (Tabora)
Wanangu, mimi nimekulia kwenye magitaa, enzi ambazo kila kijana hapa alitaka kupiga mtindo wa segere matata kama bendi ya Tabora Jazz. Pakiti mpya hatukuwa nazo. Uzi mwembamba ukikatika tulikwenda kwa fundi baiskeli, tukaomba waya wa breki uliochakaa, tukausokotoa na kutoa uzi mmoja. Kile kipete tulikitoa kwenye uzi uliokatika, tukapitisha waya na kuuviringa. Ulilia, lakini unene haukuwa ule unaotakiwa, na huku juu ya shingo sauti ilitoka pembeni.

Kuchemsha nako tumechemsha sana. Mafuta ya vidole na uchafu vinatoka, siku chache gitaa linang'aa. Kutu haiondoki, wala yale makovu uzi ulikosuguana na vyuma vya shingo hayaponi. Tena uzi wa zamani ukiufungua na kuufunga upya, hukatika palepale ulipokuwa umekunjwa. Kijana wangu, wewe pakiti unayo. Ifungue.

SoloTabora
Shikamoo mzee. Hilo la kukatika kwenye mkunjo ni kweli tupu.

MvuviKibirizi
Samahani kuingilia. Langu lina nyuzi tatu za plastiki na tatu zenye waya, halina pini, zimefungwa fundo. Naweza kufunga za chuma kama hizo za MwanaGungu?

DadaKinanda
Kaka, usifanye hivyo. Lako ni la nailoni. Nyuzi zako zote sita zikikazwa zinavuta kwa pamoja karibu kilo 40, hizo 012 za chuma zinapita kilo 70. Daraja litabanduka au shingo itapinda. Tafuta pakiti iliyoandikwa nailoni.

MwanaGungu
Shikamoo mzee, asante. Kuchemsha nimeacha. Sasa, nitoe zote sita kwa pamoja au mmoja mmoja? Na nikate na nini?

SoloTabora
Mmoja mmoja. Shingo haipotezi mvuto wake wote, na ule wa jirani unakuonyesha njia ya kupita.

DadaKinanda
Mimi natoa zote. Shingo haiwezi kuharibika kwa saa moja, na ndiyo nafasi pekee ya kufuta uchafu uliojaa kandokando ya vyuma. Ila kwa mara ya kwanza, fuata mmoja mmoja.

Kukata: kikata kucha kinatosha kwa ule wa kwanza na wa pili. Nyuzi zenye waya wa kuviringwa zitakiharibu meno. Hizo zikunje kona kwanza ili waya wa nje usilegee, kisha azima plaizi kwa fundi baiskeli, au viringa mkia uache. Vile vijia vya mfupa wa juu, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, visugue kwa penseli, uzi utateleza. Ukimaliza vuta kila uzi taratibu kwa vidole, tyuni, vuta tena. Simu ikiisha chaji chukua sauti ya A kwenye kinanda cha kanisa.

MwanaGungu
Jumamosi usiku, nimemaliza. Imenichukua karibu saa mbili, mmoja mmoja. Pini tano zimetoka kwa mpini wa kijiko bila shida, ya sita nimeisukuma kwa sarafu ya mia mbili ndipo ikakubali. Uzi wa kwanza uliniruka na pini yake mara mbili, nikarudi kusoma alivyoandika Dada, kipete kilikuwa kimekaa kwenye ncha ya pini kama alivyosema. Mikia ya nyuzi nene nimeiviringa. Wa tatu bado unashuka kidogo kila nikipiga, nitauvuta tena asubuhi kabla ya kwaya kuingia.