Michoro ya nyumba ya A. J. Davis naipata wapi?

Mlandege_Ramani: Kamwene wakuu, mi nachora ramani za nyumba hapa Iringa na wateja karibu wote wananiletea picha ileile ya kwenye simu, inachosha kwakweli, sasa nataka nisome michoro ya zamani ya mkono hasa ya yule msanifu Mmarekani Alexander Jackson Davis (1803–1892), je iliyobaki inaonekana mtandaoni?

Uyole77: Ipo mkuu tena bure, ingia tovuti ya Metropolitan Museum ya New York uandike jina lake. Anza na nyumba ya Lyndhurst ya 1838, iko Tarrytown kando ya mto Hudson. Karatasi moja imebeba sura za nje pamoja na ramani ya vyumba, wino na rangi za maji. Jamaa alianza kama mchoraji wa picha kabla ya usanifu na inaonekana kabisa, angalia tu vivuli vya ukutani.

Fundi_Kihesa: Usiishie hapo. Mwaka 1864 nyumba ikanunuliwa na George Merritt, akamwita Davis huyohuyo aiongeze, ikapata mnara na ukubwa ukawa kama mara mbili. Weka michoro ya mwanzo na ya nyongeza pamoja uone anavyounga jengo jipya na la zamani, maana huku kwetu ndo kazi ya kila siku, mtu anajenga vyumba viwili halafu anaongeza. Nyingine ziko maktaba ya Avery, chuo cha Columbia.

Mlandege_Ramani: Asanteni sana, hiyo ya nyongeza ndo naitaka haswa. Kesho naprinti A3.