Traka mbili, herufi moja tofauti: maombi mangapi?

Assalam aleikum. Niko Langoni, Lamu. Nataka kuagiza traka za mashua (vifaa vya kuonyesha chombo kiko wapi), kisha niombe idhini kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kiwanda kimeniletea sampuli mbili, sanduku moja, rangi moja. Modeli moja inaishia na E, nyingine na U. Ripoti ya vipimo ni ya E. U ni nafuu. Nikiombea U kwa ripoti ya E, itafaa?

Jibu, Malindi: Waleikum salam, ndugu yangu. Usidanganywe na sanduku. Fungua, soma kibandiko cha moduli ya redio. LoRa (redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo) ya Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na huku 880 hadi 915 ndiko simu za GSM huongelea na mnara. Utawavuruga watu! Unataka ya megahezi 868. Mimi nilishapeleka ripoti ya modeli moja na sampuli ya nyingine. Nililipia vipimo upya.

Muulizaji: Nimefungua kwa bisibisi ya mashine ya boti. U ni ya megahezi 915 kweli, ile ya Marekani.

Jibu jingine: Rangi ya ganda si neno. Uliza antena, nguvu ya kurusha na programu ya redio, na kiwanda kikuandikie tofauti hizo, kitie sahihi.

Muulizaji: Ahsanteni. U inarudi na boti ya Mokowe kesho.