Samaki macho yote upande mmoja, ni kilema au kaumbwa hivyo?

Mjukuu wa Ujiji:
Wakuu habari za jioni. Sisi huku Kigoma tumekulia migebuka, kuhe na dagaa, jicho moja huku na jingine huku. Sasa shemeji yuko Dar kanirushia picha kutoka soko la samaki la Feri, samaki bapa, upande mmoja kahawia na macho yote mawili yako hukohuko, ukimgeuza ni mweupe pee halafu mdomo umepinda. Bibi kaangalia simu kasema huyo asiingie jikoni kwake. Ni ugonjwa au?

Mpiga Kasia:
Si taa huyo? Taa nao bapa.

Baharia Mstaafu:
Hapana mkuu, huyo gayogayo, na ni mzima kabisa. Taa analala kifudifudi, tumbo liko chini. Gayogayo akishakua analala ubavu siku zote, kwa hiyo hilo pezi refu unaloliona limemzunguka, upande mmoja ni la mgongoni na upande wa pili ni la tumboni, na matumbo yenyewe yamebanwa kwenye kamfuko kadogo karibu na kichwa, ukimpasua utashangaa.

Anapoanguliwa yuko kama samaki wengine tu, anaogelea wima, jicho kila upande. Akikua kidogo jicho moja linaanza kuhama, mifupa ya fuvu inajipinda hadi linavuka upande wa pili, ndo anashuka chini kukaa. Angebaki na jicho la chini lingekuwa linatazama mchanga tu, la nini? Wakubwa wengi hawana hata kibofu cha hewa, wakiacha kuogelea wanazama wenyewe.

Mjukuu wa Ujiji:
Duh. Na huo weupe?

Baharia Mstaafu:
Upande wa chini hauonekani na mtu, rangi ya nini. Wa juu ndo una kazi, anatazama sakafu ilivyo halafu ngozi inabadilika madoa yafanane nayo, ukimziba macho hawezi kuiga vizuri. Anapepesa mapezi mchanga unamfunika, yanabaki macho tu yamechomoza na kila moja linazunguka kivyake, kamba au kasamaki kakipita karibu kwisha habari.

Mama Dagaa Kibirizi:
Kwetu Tanganyika wapo?

Baharia Mstaafu:
Hamna dada, hao wa baharini, wachache ndo wanapanda mitoni. Na ziwa lenu kule chini sana, ukipita kama mita 200, oksijeni hamna, samaki hakai.

Mpiga Kasia:
Macho yanakuwa kulia au kushoto?

Baharia Mstaafu:
Inategemea aina. Wa Ulaya wengi wana upande wao maalumu, ila kuna mmoja wa bahari yetu anaweza kuwa wa kulia au wa kushoto. Mwambie shemeji avute picha, jicho la juu likiwa ukingoni kabisa mwa kichwa na mdomo mpana wenye meno makali ndo huyo, nyama yake nene, akaangwe na ndimu. Bibi apewe mkia kwanza.