Nakala za kazi za michoro ya pamoja: seva ya ofisini au Dropbox?

Ramani_Kirumba: Wakuu, habari za jioni. Tumepata kazi ya ghorofa nne na tunachora kwa pamoja. Ninunue seva ndogo ya ofisini, ya kuwekea mafaili ya wote, au tulipie Dropbox, hifadhi ya mtandaoni (wingu)? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Sangara77: Mkuu, programu gani? Mko wangapi? Wote mko hapo Kirumba, Mwanza?

MamaMichoro: Kama ni Revit, programu ya modeli za majengo, faili kuu likae kwenye seva, kila mchoraji awe na nakala yake kwenye diski C, achore humo kisha asawazishe na faili kuu, yaani mabadiliko yake yaingie humo na ya wenzake yaje kwake. Faili kuu usiliweke kabisa ndani ya Dropbox. Na nakala ya kazi itoe kwenye Documents, maana mara nyingi OneDrive, wingu la Microsoft, imeshaishika folda hiyo bila mwenyewe kujua.

Igoma_BIM: Hamieni ArchiCAD, programu nyingine ya modeli za majengo. BIMcloud Basic, seva yake ya kuchorea pamoja, haina malipo ya ziada, na sehemu uliyojiwekea mwenzako haigusi.

MamaMichoro: Kaka, ameulizia pa kuhifadhi, sio programu ya kuhamia.

JiweBismarck: Sikieni yaliyotukuta Nyakato. Tulikuwa wawili kwenye mchoro mmoja wa AutoCAD, ndani ya folda ya wingu. Umeme ukakatika, intaneti nayo ikaondoka, kila mtu akaendelea kwa betri. Mtandao kurudi, mafaili mawili: moja lina ngazi mpya, jingine lina nguzo zilizosogezwa. Lililokwenda saiti ni la ngazi. Fundi akasuka nondo na kumwaga zege la nguzo mbili pale pa zamani. Zikavunjwa, na mteja akatunyang'anya kazi. Lingekuwa kwenye seva ya ofisini, AutoCAD ingemwambia wa pili kwamba faili limeshafunguliwa, asome tu.

Ramani_Kirumba: Poleni sana. Ni Revit, tuko watano. Injinia wa miundo yuko Bukoba.

MamaMichoro: Bukoba! Hilo ndilo la kuanza nalo, mdogo wangu. Usimfungulie faili kuu kwa VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa mbali, kusawazisha kutawatesa. Mtumieni nakala, naye awarudishie modeli yake muiunganishe kama linki, muione ndani ya yenu bila kuihariri. Mkitaka wote mchore kwenye modeli moja, ni BIM Collaborate Pro, huduma ya wingu ya Autodesk wenye Revit, leseni kwa kila mtu, na intaneti iwe ya uhakika.

Sangara77: Leseni tano au sita kwa mwaka ni hela nyingi. Nunua seva, na UPS yake, betri ya dharura.

JiweBismarck: UPS ndogo inakupa muda wa kuzima mashine vizuri tu. Umeme ukiondoka mchana kutwa, weka inverta na betri.

Igoma_BIM: Betri za jeli au lithiamu?

Sangara77: Lithiamu. Za jeli ukizimaliza chaji kila siku haziendi mbali.

Ramani_Kirumba: Kwa mashine tano na seva, inverta ya ukubwa gani? Na Mwanza mjini naipata wapi?