Jumba la zamani la Frimasoni kisiwani: tutajuaje umri wake, na plasta inayobanduka tuifanyeje?

kuze_mjengo

Salaam aleikum wadau. Kuna jumba hapa kisiwani Mombasa ambalo wazee husema lilikuwa loji, yaani jumba la mikutano, ya udugu wa Frimasoni enzi za mkoloni. Sasa linatengenezwa liwe ukumbi wa mikutano. Kuta ni za mawe ya matumbawe, unene kama sentimita 50, na baadaye zilipigwa plasta ya simiti. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua plasta imevimba na kudondoka vipande vizima, nyuma yake unga mweupe. Ukumbi una upana wa mita 8 bila nguzo kati, na upande mmoja sakafu imeinuka vidato vitatu.

Nithibitishe vipi kuwa ni loji kweli, na ya mwaka gani? Plasta tuifanyeje? Na kipi kisiguswe?

pwani_kale

Wa aleikum salaam. Hizo mita 8 zenyewe zaeleza mengi. Nyumba za Mji wa Kale hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita 3 kabla ya kulegea. Ndiyo maana vyumba vyetu vya asili ni virefu na vyembamba, na misikiti ya zamani ina nguzo ndani. Aliyetaka ukumbi mpana ulio wazi alilazimika kuinua kenchi za mbao nzito au mihimili ya chuma. Kwa hiyo ulicho nacho ni ukuta wa kienyeji uliobebeshwa paa la kigeni. Lakini upana peke yake hautoshi, maana hata ghala au shule yaweza kuwa hivyo. Angalia mpangilio.

Katika loji, Mkuu wake huketi mashariki, kwa kawaida juu ya vidato vitatu. Mwangalizi wa kwanza, msaidizi wake, huketi magharibi, mara nyingi juu ya vidato viwili, na wa pili kusini juu ya kimoja. Upande wa kaskazini hauna kiti cha aina hiyo. Simama juu ya vidato vyako vitatu ukitazama ukumbi: ukuta wa mbele yako ndio magharibi, na mkono wako wa kushoto ndio kusini. Usichukue dira, kwani "mashariki" ya loji ni ya desturi, na kiwanja kikikataa jengo hugeuzwa. Majukwaa madogo huwa ya mbao na hung'olewa, ila huacha alama: sakafu yenye rangi tofauti, au mstari ukutani ambapo plasta ya zamani iliishia.

Tazama pia mlango. Huwa upande wa magharibi, na nje yake chumba kidogo cha mlinzi. Ukikuta tundu la kuchungulia au kigongeo cha chuma kwenye mlango wa ndani, dalili ni nzuri. Madirisha huwa juu sana, au na shata, ili mpita njia asione ndani. Katikati ya sakafu kagua kama kuna miraba myeusi na myeupe, ingawa loji nyingi zilitandika zulia lenye miraba hiyo. Nguzo mbili zenye tufe juu ni Yakini na Boazi, zile za hekalu la Suleimani katika 1 Wafalme sura ya 7.

Umri: tafuta jiwe la msingi. Desturi yao ni kuliweka kona ya kaskazini-mashariki. Ukikuta mwaka kama 5905 usishtuke, wao huongeza 4000 kwenye mwaka wa kawaida, kwa hiyo huo ni 1905. Jina la loji hufuatwa na namba na herufi: E.C. ni Uingereza, S.C. Skoti, I.C. Ayalandi. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Ya Kiingereza waandikie makumbusho yao pale Great Queen Street, London, uwaulize hati ya kuanzisha loji ilitolewa lini. Kumbuka tu kwamba mwaka wa hati si mwaka wa jengo, loji nyingi zilianza kwenye vyumba vya kukodi. Mwaka wa kiwanja utafute ofisi ya ardhi, kwenye majina ya wadhamini. Hati za kumiliki ardhi za Pwani zilianza kusajiliwa chini ya sheria ya 1908.

fundi_tindo

Kwa plasta, adui ni hiyo simiti. Matumbawe yananyonya maji ya ardhini na yana chumvi tangu baharini. Ukuta wa chokaa hupumua, maji yakatoka. Simiti huyafungia ndani, chumvi huganda nyuma yake na kuisukuma. Ukipiga simiti tena itadondoka tena, na safari hii itaondoka na uso wa jiwe.

Bandua kwa tindo na nyundo ndogo hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Usitumie mashine ya kutetemesha. Unga mweupe uusugue kwa brashi kavu na uuzoe, usiuoshe, maji huurudisha ndani. Uache ukuta wazi ukauke, miezi kadhaa ikiwezekana, ukiendelea kusugua.

Mchanganyiko ni chokaa iliyolowekwa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa, kamwe usiwe wa ufuoni. Maji ya bomba, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Piga tabaka zisizozidi milimita 10, kila moja ishike kabla ya inayofuata, na funika kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Wengi huharibia hapa: jua na upepo wa Kaskazi hukausha chokaa kabla haijashika, inapasuka. Paa lishughulikie Januari hadi Machi kabla ya masika, plasta ianze Julai. Mwisho paka maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mikono 4. Rangi ya plastiki ni simiti nyingine.

Mihimili ya chuma ichunguze pale inapoingia ukutani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hupasua jiwe. Ukiona ufa chini ya ncha ya mhimili, mwite injinia kabla ya fundi.

pwani_kale

Visivyoguswa: vidato, madirisha ya juu, sakafu ya miraba. Na kama ni ndani ya eneo la Mji wa Kale, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Sheria ni ile ya makumbusho na urithi ya 2006.

kuze_mjengo

Shukran sana. Jiwe lipo, kona hiyo hiyo, la marumaru. Limepakwa rangi ya mafuta tabaka nyingi, herufi hazisomeki. Fundi mmoja ataka kulisafisha kwa tindikali.

fundi_tindo

Mkatalie kabisa! Tindikali hula marumaru, herufi zitakwenda na rangi. Tumia dawa ya kutolea rangi ya mgando, ijaribu kwanza pembeni, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki au mti. Usipige msasa mkavu, rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Lakini kabla ya yote, ngoja usiku, weka tochi ubavuni karibu kabisa na jiwe, upige picha. Kivuli cha herufi huenda kikakupa namba bila kulikwangua.