Kung'oa nguzo za fensi zilizomwagiwa zege: jeki, pikapu, sururu au grinda?

Wa Chanika
Wakuu, nna kiwanja kilikua na fensi ya seng'enge, nguzo 22 za bomba la chuma inchi 2, seng'enge zenyewe zishaoza nataka nijenge ukuta wa tofali. Nimefukua nguzo moja nikakuta zege futi moja kila upande na kwenda chini futi mbili. Fundi anataka elfu 15 kila nguzo, jirani anasema tuvute na pikapu yake, shemeji anasema kata na grinda ufukie yaishe. Nifate ya nani?

Gari Bovu
Pikapu achana nayo mkuu. Mi nilijaribu, bomba likapinda likalala, zege halikutikisika hata kidogo na klachi ikaanza kunuka. Gari linavuta kwenda mbele wakati we unataka kitu kipande juu. Kama lazima, simamisha tairi lenye rimu pembeni ya nguzo cheni ipite juu yake, hapo angalau linanyanyua. Na watu wakae mbali kabisa, cheni ikikatika haina mwenyewe.

Mama Vitofali
Futi moja kwa moja kwa mbili ni futi za ujazo 2, zege la hivyo ni kama kilo 135 na bado hujahesabu udongo ulioling'ang'ania, kwa hiyo msijidanganye kulinyanyua kwa mikono. Mi nilitumia jeki mbili za mafuta zile za gari. Unatoboa bomba karibu na chini unapitisha bolti nene, jeki moja huku nyingine huku, chini yake mbao nene maana bila mbao jeki ndo inazama badala ya nguzo kupanda. Inapanda kidogo tu, unaegesha kipande cha mbao, unashusha jeki unaanza tena. Udongo wa mfinyanzi mwagia maji jioni ulale nayo, wa mchanga hauna haja.

Sururu
Jeki sawa ila usidharau mtaimbo. Watu wanakosea wanachimba kuzunguka, kazi mara nne. Chimba upande mmoja tu mpaka ufike kitako cha zege, afu liangushie humo shimoni, bomba lenyewe ndo mpini wako. Ndo maana ukianza na grinda umejimaliza, umekata mpini.

Wa Chanika
Kwa hiyo shemeji hana point kabisa?

Mzee wa Bikoni
Anayo, kama ungerudishia seng'enge. Unakata chini kidogo ya ardhi, unafukia, nguzo mpya unazichimbia katikati ya zile za zamani. Ila ukuta msingi unapita palepale, hayo mazege utakutana nayo tu kijana wangu. Na hapo ndo nashangaa hiyo elfu 15, mtaro wa msingi si lazima uchimbwe? Ukishachimbwa mazege yanabaki wazi ubavuni, vibarua wanayasukuma na mtaimbo. Utalipa laki tatu na thelathini kwa kazi ambayo iko ndani ya kazi nyingine. Kingine, nguzo za kona usiziguse mpaka uzione bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, kwa macho yako, wewe na jirani mkiwa mmesimama hapo hapo.

Wa Chanika
Mrejesho baada ya wiki 2. Za getini 3 nilianza na jeki kwasababu pale mtaro haupiti, mbili zimetoka vizuri, ya tatu bomba lilikua limeliwa na kutu likakatika usawa wa zege nikabaki nimeshika bolti, ikabidi sururu nusu siku. Za kwenye mtaro 15 zimetoka kama alivosema mzee, vibarua wameongeza hela ya soda tu. Kona zote 4 bado zimesimama, bikoni moja haionekani natafuta mpimaji. Sasa haya mabonge nayapeleka wapi?

Sururu
Unapeleka wapi tena! Yapige nyundo kubwa uyapange chini ya jamvi la nyumba (zege la sakafu), hayo ni mawe ya bure. Bomba pelekea wa chuma chakavu ila bandua zege kwanza, hawakupimii na zege.

Gari Bovu
Na jirani wa pikapu?

Wa Chanika
Kanuna.